Opareta na Panga la Tatu

Miaka yote niliyofanya kazi na Opareta, sikumwona hata siku moja akitazama sinema. Watu mia tatu wangekaa chini kwenye uwanja wa shule, shingo juu, midomo wazi, na yeye aliyewaletea hiyo sinema amesimama kando ya mashine, bega lake likielekea kwenye kitambaa, macho yake kwenye paa la darasa. Vijijini walidhani ana kiburi. Hawakukosea, kiburi alikuwa nacho cha kutosha na kugawia wengine. Lakini kule kusimama upande kulikuwa kazi.

"Jicho la mbele linadanganywa, Mwalimu," aliniambia siku moja nilipomuuliza. "Hiyo ni jicho ya kupenda. Ya pembeni haipendi kitu, inaona tu."

Alichokuwa anakitafuta kwa jicho la pembeni ni kupepesa kwa mwanga. Sinema, kwa asiyejua, ni picha zisizotembea zinazopita haraka, ishirini na nne kwa sekunde moja. Ndani ya mashine kuna panga dogo la bati linalozunguka mbele ya taa na kuuziba mwanga kila picha inapobadilishwa, mtu asije akaiona filamu ikiburutwa. Mashine yetu ilikuwa na mapanga mawili, hivyo mwanga ulikatika mara arobaini na nane kila sekunde. Ilikuwa mashine ya enzi za mkoloni, iliyotengenezwa kwa chumba kidogo na kitambaa kisichozidi shuka. Kisha ofisi yetu ikatuletea kitambaa kipya, kikubwa kama ukuta wa nyumba, kwa sababu vijiji vipya vilikuwa na watu wengi. Mashine mpya hawakuleta. Kwenye kile kitambaa kikubwa mwanga ulianza kupepesa, na sisi wengine tukasema ndivyo sinema zilivyo.

Yeye hakusema hivyo. Kabla ya kila onyesho aliwasha mashine bila filamu, akasogea mbele ya kitambaa cheupe, akatanua vidole na kuupunga mkono harakaharaka. Vidole vikionekana vimechanganyika kama moshi, aliridhika. Vikionekana vingi vimesimama, kumi na tano, ishirini, alijua mwanga unakatika vibaya, na hapo hasira yake ya siku ilianza. Wanakijiji walidhani anawasalimia, nao wakampungia mikono. Hakuna hata mara moja alipowapungia kwa adabu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima. Filamu zetu zilizungumza Kiingereza, nami nilishika kipaza sauti na kuwaambia watu kwa Kiswahili: chemsheni maji, chimbeni vyoo, mpeni mtoto maharage. Dereva wetu, Mnyakyusa mcheshi, aliendesha landrova na kutunza jenereta. Opareta alikuwa wa tatu kwenye orodha ya safari na wa kwanza kichwani mwake mwenyewe. Tulizunguka Mbeya na Iringa yote, toka vumbi la Chunya mpaka baridi ya Mufindi, na popote tulipofika alishuka akiwa amekwisha kununa.

Nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Alikuwa mtu mgumu. Ujuzi wake hakumfundisha mtu. Ukimkaribia akiwa amefungua mashine, aliifunika kwa koti kama mtu anayeficha chakula. Alimwita dereva "mpanda baiskeli". Mimi alinikataza kugusa lenzi kwa madai kwamba mikono ya wanawake ina mafuta, wakati yeye ndiye aliyekula kuku kwa vidole kumi. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, aliupenda, na wakati wa mvua, mianzi ikitoa vizuri, tulimkuta kilabuni Iringa akiimba Kibena kwa sauti ya mtoto wa kwaya. Lakini siku ya onyesho hakugusa hata tone. Na asubuhi, mahali popote tulipolala, alichemsha chai ya watu watatu, akaosha vikombe vya watu watatu, bila neno, na ukimshukuru aliondoka.

Wakubwa aliwasalimia "Kamwene" kama alivyowasalimia wauza mkaa. Wengine walicheka. Wengine waliliweka moyoni.

Lililonikera mimi zaidi ni swali lake. Tulipofika kijijini, kabla hata ya kushusha vyombo, alimtafuta balozi wa nyumba kumi na kumuuliza mbele za watu: "Hapa kuna mtu wa kuanguka?" Alimaanisha mwenye kifafa. Sasa nani huku kwetu atakuambia kwamba nyumbani kwake kuna kifafa? Binti hataolewa, kaka zake hawataoa, jirani hatakuja kuomba moto. Watu waliinama, wakasema hapana, hapa hakuna. Yeye hakukoma. Alikwenda mlango kwa mlango na kurudia, "Mficha maradhi kifo humuumbua," mpaka akina mama wakaanza kuwafungia watoto ndani. Mara chache alifanikiwa, akaletewa mtu amefunikwa kanga. Huyo alimpeleka mwenyewe nyuma kabisa ya uwanja, akamwambia azibe jicho moja kwa kiganja, na kila akibadilisha filamu alikwenda kumtazama.

"Unawaaibisha watu," nilimwambia.

"Aibu haiunguzi mtu."

"Watu wanakimbia onyesho langu kwa sababu ya maswali yako."

"Onyesho yako," alisema. "Na mwanga ya nani?"

Sababu aliniambia mara moja tu. Tulikuwa Chunya, tumekwama siku mbili kwa sababu vumbi lilikuwa limeingia kwenye jenereta, na dereva ameifungua yote juu ya gunia. Opareta alikuwa anafuta lenzi. Akasema, bila kuulizwa, kwamba dada yake aliyemfuata kwa kuzaliwa alikuwa na ugonjwa huo. Alipoanguka wakati wa kula, watu walivuta bakuli pembeni kwanza. Walikuwa wanaogopa povu, kwamba likikugusa na wewe unaupata. Siku moja alianguka kwenye kijito akichota maji, na maji yenyewe yalikuwa ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Wenzake wanne walikuwapo. Walisimama wakimwangalia mpaka akatulia.

"Ilikuwa saa ya jua kuchomoza kwenye miti," alisema. "Alikuwa akipita kwenye miti jua inakatikakatika, anaanguka. Mimi nilijua. Wengine walisema mashetani."

Nilisema pole. Alinitazama kana kwamba nimemwagia lenzi yake maji. Ningepaswa kuelewa siku ile kila kitu nilichokuja kukielewa baadaye, kwamba mwanga unaokatikakatika huwaangusha wenye kifafa, kwa sababu alikuwa amenieleza chote. Lakini nilikuwa mtu wa filamu za vyoo na maharage, na nilimhesabu kuwa mzee mwenye uchungu wake wa zamani.

Panga la tatu alilitengeneza Iringa, wakati wa mvua, landrova ikiwa gereji. Aliandika kwanza barua tatu ofisini kuomba kifaa hicho. Jibu halikuja. Basi akanunua mfuniko wa sufuria, akaukata kwa mkasi wa bati ukawa ua la majani matatu, na kwa karibu mwezi mzima kazi yake ikawa kuupima. Majani yote yalipaswa kuwa na uzito mmoja, la sivyo mashine ingetetemeka na kuitafuna filamu. Aliliweka kwenye ncha ya sindano ya charahani, akalisukuma kwa pumzi, akaangalia linasimama upande gani, akalipiga tupa kidogo, akalisukuma tena. Siku liliposimama popote bila kuchagua upande, ndipo alipolipaka rangi nyeusi ya ubao niliyomletea kutoka shuleni. Hiyo rangi ndiyo mchango wangu, na hata huo nilikuja kuukana.

Tulipoliwasha mara ya kwanza kwenye kile kitambaa kikubwa, alipunga mkono na vidole vikayeyuka. Mwanga ulikuwa umetulia kama maziwa kwenye kibuyu. Sasa ulikatika mara sabini na mbili, jicho halikuweza tena kuufuata, la mbele wala la pembeni. Mashine ile kuukuu ilikuwa inatoa kitu ambacho mpya za mjini hazikukitoa. Dereva alipiga makofi. Opareta alicheka, na nilishangaa kuona kwamba hana meno mawili ya juu. Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka minne.

Lakini panga likiongezeka, mwanga unapungua. Picha ilikuwa imetulia, na ilikuwa na giza. Watu wa nyuma walilalamika. Mtoto wangu wa kwenye filamu, yule aliyekuwa anavimba tumbo kwa kukosa maharage, hakuonekana vizuri tena. Niliomba balbu kubwa, balbu hazikuwapo. Nilimwomba arudishe mapanga mawili kwa filamu moja tu. Mbele ya walimu wote wa shule ile akanijibu: "Mwalimu, wewe kazi yako ni mdomo. Mdomo hauhitaji taa."

Walicheka. Nami nilikuwa na kiburi pia, ila changu kilikuwa kimesoma.

Wiki hiyohiyo mkubwa mmoja wa ofisi yetu alikuja kututembelea. Alikaa mbele, akakunja uso, akauliza kwa nini sinema ina giza kama saa ya magharibi. Kisha akaniita kando na kuniuliza nani amechezea mashine. Ningeweza kumweleza. Nilikuwa nazijua zile barua tatu. Mbili nilimsahihishia Kiswahili chake mimi mwenyewe. Badala yake niliomba karatasi, na palepale juu ya boneti ya landrova nikaandika kwamba Opareta amebadilisha kifaa cha ofisi bila idhini, na kwamba anawauliza wananchi maswali ya kudhalilisha. Nilitia sahihi. Nilijisikia vizuri, afadhali niseme ukweli. Nililala usingizi mzuri.

Amri ilikuja kwa maandishi. Mapanga mawili yarudi, maswali yakome, na uendeshaji wa onyesho uwe chini ya mwalimu. Yaani chini yangu.

Onyesho la kwanza baada ya hapo lilikuwa kwenye kijiji kipya cha Usangu, upande wa Madibira. Wenyeji walikuwepo, na familia za Wasukuma waliokuwa wamehamia na ng'ombe wao, watu wa kukaa pamoja pembeni kwa sababu hawajazoeleka. Jenereta ilikuwa inakohoa tangu asubuhi. Dereva alisema itafika, labda. Jua lilipozama Opareta aliwasha mashine bila filamu, akapunga mkono. Vidole vilikuwa vingi kuliko nilivyowahi kuviona. Jenereta ilikuwa haina nguvu, mashine inakwenda polepole, na mapanga mawili yanaukata mwanga pole vilevile. Hata mimi macho yaliniuma.

Akaja kwangu. Hakupiga kelele, na hilo peke yake lingetosha kunishtua.

"Mwalimu, leo siendeshi."

"Watu wamekuja."

"Waende. Au niruhusu niweke ile kitu yangu. Dakika ishirini tu."

"Amri unayo mfukoni, Opareta."

"Basi niulize. Niulize tu kama kuna mtu wa kuanguka."

"Usiulize," nilisema. "Washa mashine. Ni amri yangu."

Akasema, "Nimekataa, na umesikia." Halafu akaenda kuwasha. Kwa nini aliwasha, nimejiuliza miaka mingi. Nadhani aliogopa kufukuzwa, kama mtu yeyote. Alikuwa hana mke tena, hana shamba, alikuwa na ile mashine.

Nilikuwa nimemwambia azime sauti ya Kiingereza nisikike vizuri. Kama sauti ingekuwepo, kila mtu angesikia jinsi ilivyokuwa inakokota. Watu wa kwenye filamu walitembea kama wamo kwenye tope, na mwanga ukawa unapiga, unapiga, unapiga. Nilikuwa nimefika kwenye kuchemsha maji. Mwanamke mmoja upande wa Wasukuma, kijana bado, alinyooka mgongo, akatoa sauti ya chini, akaanguka. Nyuma yake mama mmoja alikuwa anachoma mahindi ya kuuza. Aliangukia pale pale, kwenye jiko, mkono na shavu.

Uwanja ukafunguka. Watu walirudi nyuma pande zote, haraka, wakivuta watoto, na katikati akabaki yeye na makaa. Hakuna aliyemgusa. Povu lilikuwa limeanza kutoka. Opareta aliruka juu ya watu waliokuwa bado wameketi, akamtoa motoni kwa mikono mitupu, akamlaza ubavu, akafuta ule mdomo kwa shati lake mwenyewe. Nyuma yake mashine iliendelea peke yake mpaka filamu ikaisha, na kitambaa kikabaki cheupe, kinapepesa.

Mimi? Nilikuwa nimeshika kipaza sauti. Nilisema, "Tulieni, ndugu wananchi."

Tulimpeleka hospitali kwa landrova usiku uleule. Alipona, kama unaita kupona. Mkono ulikunjamana na haukunyooka tena. Mumewe alikaa nyuma nasi njia nzima. Karibu na kufika akamuuliza Opareta, kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Wewe watu wanasema kila kijiji unaulizaga. Kwetu mbona hukuuliza?"

Opareta hakunitazama. Alisema, "Nilisahau."

Nilisubiri aseme kweli kwenye uchunguzi, Mbeya, na alisema: alionya, alikataa, aliamriwa. Wakanigeukia mimi. Walikuwa watu watatu nyuma ya meza, wananiita mama, wananipa chai. Waliuliza kama ni kweli alikataa. Nikasema alinung'unika, kama kawaida yake. Nikasema mimi si fundi. Rangi ya ubao sikuitaja, wala zile barua. Walimnyang'anya cheti cha uopareta na kumfukuza, na katika muda usiozidi mwaka mimi nikawa mkaguzi.

Dereva aliacha kunizungumzisha. Alinipeleka popote nilipotaka, akanifungulia mlango.

Nilimwona Opareta mara moja tu baada ya hapo. Mafuta yalikuwa yameadimika nchi nzima, na basi letu la kwenda Mbeya lilisimama Nyololo tangu asubuhi likingoja dizeli. Nilishuka kunyoosha miguu. Alikuwa amekaa kibarazani pa duka la Mhindi mmoja wa vitambaa, anatengeneza charahani, miwani imefungwa kwa uzi. Viganja vyake vilikuwa na makovu yanayong'aa. Alinitambua kwanza.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, Opareta."

Aliniletea kiti. Nilianza kuomba radhi, nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwa miaka, na alinikatiza kwa kuinua tupa aliyokuwa ameishika. Alisema radhi hana pa kuiweka. Lakini kuna jumba la sinema Iringa, mwenye nalo ni ndugu wa huyu mwenye duka, mashine yake ni nzee na inapepesa, opareta wake amehama. Huyo ndugu yuko tayari kumchukua. Anachotaka yeye Opareta ni barua ya mtu aliyekuwepo siku ile, aeleze ilikuwaje, ili arudishiwe cheti.

"Nitakuandikia nikifika Mbeya," nilisema.

"Andika hapa. Basi haina mafuta."

Aliingia dukani akatoka na karatasi na kalamu, akafuta ubao wa charahani kwa kiwiko. Niliandika. Niliandika kwamba namfahamu kwa miaka mingi, kwamba ni mchapakazi, hanywi kazini, ana ujuzi wa hali ya juu, na kwamba tukio la Usangu lilitokana na sababu mbalimbali za kiufundi. Nilimpa.

Aliisoma amesimama, polepole, kidole chini ya kila mstari. Alipomaliza alirudi juu akaanza tena, kama mtu anayedhani amekiruka kitu.

"Sijaona mahali nilikataa," alisema.

"Opareta, hiyo ikiandikwa, watanirudia mimi. Nina watoto watatu shuleni."

"Sitaki uandike mabaya yako. Andika tu 'alikataa'. Neno moja."

Nilisema haiwezekani neno hilo likakaa peke yake. Wangeuliza alimkatalia nani. Akakubali kwa kichwa kwamba ni kweli, wangeuliza. Kisha akaikunja karatasi mara mbili, vizuri, akanirudishia mkononi.

"Na hii hutaki?" niliuliza. "Inaweza kukusaidia kidogo."

"Hii ni ya mtu mwingine," alisema, akaketi, akaanza kupitisha uzi kwenye sindano.

Dizeli ilifika adhuhuri. Kondakta alipiga debe, nikapanda, nikapata kiti cha dirishani, na hakuinua kichwa. Barua ninayo mpaka leo. Imeandikwa vizuri sana, haina kosa hata moja la Kiswahili, na sahihi yangu inasomeka.